Ndaga ya Ngonga

Jumanne

Kusikia alisikia vizuri, tatizo ni kuelewa. Edwin ni mgeni, wa shirika la mazingira. Mimi ni wa halmashauri, na mkutano wa leo Ngonga tuliuitisha pamoja.

Aliwaomba wakulima waache kulima mpunga ukingoni mwa mto. Wakaitikia wote, "Ndaga." Akaandika: wamekubali.

Walikuwa wanamshukuru tu kwa kuja. Mimi Mnyakyusa nilijua, nikanyamaza. Mvua zikija, kingo zikimeguka tena, sijui nitasema nini...

Kwenye gari akanisomea taarifa yetu ya pamoja. "Dada, kwa hiyo ofisi yako itasimamia utekelezaji?"

Nikamjibu, "Ndaga, Edwin."

Akafurahi, akaniandika na mimi kwenye waliokubali.