Kuinuka Kutoka Chini

Jumatatu, 8 Machi 1993

Uji tena. Hauna sukari, lakini ni wa moto. Kifua hakikwaruzi. Homa ya mapafu imenitoka. Nilimshukuru Mungu kabla sijamaliza kikombe.

Kisha nikataka kwenda chooni peke yangu. Nikashusha miguu, nikasimama. Magoti yakakunjika. Nikaangukia kitanda cha jirani.

Baadaye nimeinua kitenge kutazama mapaja yangu. Sikuyatambua. Ngozi imelegea kama soksi ya kuazima. Nimelala katika lopitali hii tangu mwezi wa pili, na nyama yangu imeondoka bila kuaga. Nimeogopa kuliko siku zile nilizokuwa sipati pumzi.

Tata Ilunga, muuguzi wetu, ameyatazama pia. Hakuficha. "Mama Ngalula, homa ilisha kwisha. Sasa kitanda njo kinakuua." Anasema mtu wa umri wangu akilala, miguu huisha upesi sana, na kurudi ni polepole. Nile chakula cha nguvu. Nishuke kitandani kila siku, nikiumwa nisiumwe.

Chakula cha nguvu kitoke wapi? Sijamuuliza. Dawa zenyewe zimekwisha.

Jumanne, 9 Machi

Kabeya amekuja. Mwanangu amekonda. Nyumba yetu ya kambi ya kampuni ya migodi imechukuliwa. Vijana wenyeji, wanaotaka Wakasai tuondoke, walikuja na marungu, wakampa muda wa kufunga godoro tu. Sasa analala gare, kwenye stesheni ya treni, na maelfu ya Wakasai wenzetu, kungoja treni ya kutupeleka "kwetu". Kwetu! Nilitoka huko msichana. Hapa Kolwezi nimefundisha darasa la kwanza mpaka nywele zikawa nyeupe. Hapa nimemzika mume wangu. Leo tunaitwa bilulu, wadudu.

Mke wake na watoto walipata treni iliyotangulia. Yeye amebaki kwa ajili yangu.

"Nenda," nimemwambia.

"Siendi bila wewe, mama. Nitakubeba mgongoni."

Amekwenda. Nimelia kwa hasira. Sitaki kuwa mzigo unaomchelewesha mwanangu mpaka auawe.

Jumatano, 10 Machi

Jirani niliyemwangukia ni Bibi Zaina, mwenyeji wa Maniema. Mume wake alikuwa mchuuzi wa samaki. Yeye mwenyewe alilazwa kwa tumbo, amepona, ila na yeye miguu imekataa. Binti yake Feza huja kila mchana kumhudumia. Leo amemletea maharagi na yai. Amegawa vyote sehemu mbili. Moja akaileta kwangu.

Nimekataa. Ni Ramadhani, naona midomo yake ilivyokauka. Nitakulaje mbele yake?

"Kula, mama. Saumu iko yangu, haiko yako."

Nimekula. Yai zima sijalionja tangu Krismasi.

Alasiri Tata Ilunga ametushusha sote wawili. Kusimama, kushika chuma cha kitanda, kuinuka juu ya vidole, kushuka. Kukaa kwenye kiti, kuinuka bila mikono. Bibi Zaina amelalamika mpaka wodi nzima ikacheka. "Mi nimezaa, nimelima, nimezika bwana. Bado munanitumikisha?"

Nimecheka pia. Sikuwa nimecheka siku nyingi.

Ijumaa, 12 Machi

Kiti kimekubali. Nimeinuka bila mikono. Nimetetemeka kama kuku aliyenyeshewa, lakini nimeinuka.

Nilidhani Tata Ilunga atanisifu. Ameondoa kiti. Ameniambia nikae sakafuni.

"Ku gare batu banakaa chini, mama. Hakuna kiti, hakuna kitanda. Choo kiko mbali. Ukishindwa kuinuka, utafanya je?" Anaishi karibu na gare. Amewaona wazee wanaoshindwa. Wanaacha kunywa maji ili wasihitaji choo. Hawaishi siku nyingi.

Nimekaa sakafuni. Sikuweza kuinuka. Nimegeuka magoti, nimesukuma, nimeanguka ubavu. Nimejaribu tena. Nimeanguka. Mwisho amenibeba kama gunia.

Siupendi mwili huu. Nimesema hivyo kwa sauti. Bibi Zaina amejibu kwamba na wenyewe haunipendi, tangu nilipoacha kuutumia. Nilitaka kumtukana. Nimelala nikiwa nimempa mgongo.

Jumapili, 14 Machi

Hakuna padri. Naye ni Mkasai, ameondoka. Tumeimba wenyewe, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, kila mtu kwa maneno yake.

Kabeya ameleta habari: wiki hii treni haipo. Gare wamezika watu tena, wengi watoto. Kuhara. Nilimpa nusu ya maharagi yangu. Alikataa, nikamkazia macho ya darasani. Akala.

Nimefurahi treni haipo. Nimeona aibu kufurahi.

Jumatano, 17 Machi

Leo niandike vizuri.

Asubuhi Bibi Zaina aliamka na ukaidi mpya. Alitaka tutoke wodini tufike mwisho wa veranda. Tulishikana mikono, kila mmoja akimtegemea mwenzake aliye dhaifu kama yeye. Polepole. Tulikuwa katikati ya veranda wakati vijana walipoingia na marungu. Walikuwa wakitafuta Wakasai kwenye vitanda.

Miguu yangu ilitaka kukaa. Bibi Zaina alinibana mkono mpaka ukauma. "Tembea," alisema chini ya pumzi. Tukatembea kuwaelekea.

Kisha akapaza sauti. "Banangu, pisheni. Hamuone bakambo banapita?"

Walipisha, kama wazee wanavyopishwa. Yule wa mbele aliegemea ukuta kabisa, akasema, "Samahani, bakambo." Sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Rungu lilikuwa mkononi mwake.

Walimtoa mzee mmoja wodi ya wanaume, aliyevunjika mguu, na mama mmoja wa wodi yetu. Vitanda vyetu viwili walivikuta vitupu. Tata Ilunga alisimama mlangoni akibishana nao mpaka walipompiga kofi. Hakuondoka mlangoni.

Tuliporudi nilimuuliza Bibi Zaina kama hakuogopa. Akasema amejikojolea kidogo. Tukakumbatiana, tukacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Ningekuwa nimelala, ningekuwa gare pamoja nao leo, nimekaa chini.

Ijumaa, 19 Machi

Tata Ilunga ana uvimbe shavuni. Amekuja kazini. Hajalipwa tangu mwaka jana, kampuni yenye lopitali hii haina kitu, mashimo ya migodi yamejaa maji. Amekuja. Nimemshika mikono yote miwili.

"Kaa chini, mama," ameniambia. Hiyo ndiyo shukrani anayoitaka.

Nimekaa. Nimegeuka. Goti moja, unyayo mmoja, mkono juu ya paja. Nimeinuka mpaka nusu. Nusu!

Jumatatu, 22 Machi

Feza hakuja jana. Barabara ya soko ilifungwa. Tulikula uji tu, na leo mapaja hayana kitu. Nimejaribu sakafu, sikufika hata nusu. Nimekasirika na kila mtu, hata na mvua.

Jioni Feza ameingia amelowa. Samaki mkavu, yai, na bukari, ugali wa huku. Amefuturia hapa, kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, na sisi tumekula naye. Aliniangalia nikitafuna kama anavyomwangalia mama yake. Sina binti. Leo nilikuwa naye.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Bibi Zaina amefungwa kilemba kipya. Feza amepika nyama. Nyama! Mfupa nimeunyonya kama mtoto.

Baada ya kula nikakaa sakafuni bila kuambiwa. Goti, unyayo, mkono. Nikasukuma. Kitu kikaitikia ndani ya paja, kitu nilichokuwa nimekizika. Nikajikuta nimesimama, sijashika chochote.

Wodi ikapiga vigelegele. Bibi Zaina akadai ni kilemba chake kilichonipa nguvu. Tata Ilunga alikwenda dirishani akasimama huko kidogo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru watu hawa, ambao hakuna aliyewalazimisha. Wengine wa mji huu huu wametufukuza. Yote mawili ni kweli, na sijui niyaweke wapi. Leo naweka mezani hili la shukrani tu.

Jumamosi, 27 Machi

Treni imefika. Kabeya amekuja mbio.

Sikujua kuaga kungekuwa kugumu hivi. Bibi Zaina hakutaka tuagane kitandani. Ametembea nami mpaka ngazi za mbele, peke yake, mkono mmoja ukutani. "Usikae chini sana," amesema. Feza amenifungia mayai ya kuchemsha na maharagi. Tata Ilunga ametusindikiza kwa njia ya nyuma mpaka gare, akiwa na koti lake jeupe, ili watu wapishe.

Mabehewa ni ya mizigo. Hayana ngazi. Sakafu yake inafika kifuani kwangu. Watu walisukumana, walilia, wazee wengine walirushwa ndani kama magunia. Kabeya alichutama ili nikanyage goti lake. Nikakanyaga. Mwanamke mmoja juu akanipa mkono. Goti la kwanza likafika kwenye mbao. Nikadhani la pili halitafika. Nikasukuma kwa paja hilo hilo la Idi. Likafika.

Kabeya akapanda baada yangu. Tulipogeuka, koti jeupe lilikuwa bado chini pale, limesimama. Nilipunga mkono mpaka treni ikakata kona.

Nimelia mpaka ikawa giza. Si kwa uchungu peke yake.

Jumatano, 31 Machi

Stesheni ya Lubudi. Treni imesimama tangu jana, hakuna mafuta. Watu wamewasha moto kando ya reli. Mvua imeacha.

Mama mmoja mwenye shamba karibu na reli ametuita tuvune naye mahindi mabichi. Hakutuuliza sisi ni watu wa wapi. Nimeinama na kuinuka katika mistari yake asubuhi nzima. Ametujazia kitenge. Tumechoma, tumekula sana, tumewagawia wa behewa letu.

Mapaja yanauma. Nafurahi yanauma.

Kabeya amelala kivulini chini ya behewa, mdomo wazi. Wiki nyingi hajalala hivi. Maji yamekwisha, na kisima kipo nyuma ya stesheni, kwenye mteremko mdogo. Alitaka nimwamshe maji yakiisha.

Sikumwamsha. Nimechukua ndoo, nimekwenda kuteka mwenyewe.