Tege la Mama

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, ila Mama keshafanyiwa upasuaji wa goti, na kabla hujaanza kunilaumu kwa kukuficha, soma kwanza mpaka mwisho.

Unayakumbuka matege yake. Utotoni wenzake walimwita Mabano, na mpaka uzeeni alicheka mdomoni tu, moyoni jina hilo likimchoma. Mimi nikifumba macho bado naisikia ile hatua yake koridoni, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi, na wewe nyuma yake ukiburuza kandambili, naye akikugombeza unyanyue miguu kama watu. Jamani, siku zile zilikuwa tamu, nasi tulizipita mbio bila kujua.

Goti la kulia lilipokwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa, daktari alituonyesha picha za mguu. Alisema wapo wapasuaji wanaonyoosha mguu, nyonga mpaka kifundo, mstari mmoja kama wa rula. Wapo wanaofuata mtu alivyoumbwa, wakaliweka goti jipya la bandia kwenye tege lile lile la ujanani, ili mishipa isivutwe isikozoea. Kwa Mama njia zote mbili zinafaa, alisema, achague mwenyewe.

Mimi niliona hapo hapana swali. Maisha yake yote Mama ametamani miguu iliyonyooka. Nilishaanza kumtania kwamba tutamshonea sketi fupi.

Baba hakucheka. Tuliporudi nyumbani aliniita kwenye chumba chake cha kushonea, akawa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Akaniambia: "Mwanangu, macho yangu yamekwisha. Mama yako simwoni tena, namjua kwa hatua zake. Wakimnyoosha, atakayekuwa anaingia humu ni nani?"

Nililia, kaka. Akaniapisha nisimwambie, kwa kuwa mguu ni wa Mama, si wake.

Nikanyamaza, ingawa mdomo wangu unaujua. Basi asubuhi ya upasuaji Mama akamwambia daktari amrudishie tege lake. Nikamuuliza imekuwaje tena. Akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. "Unadhani sindano za baba yako hutiwa uzi na nani kila asubuhi kabla hajaamka?" akasema. "Yeye hudhani ni uzi uliobaki wa jana."

Mpaka leo kila mmoja anamficha mwenzake, nami nimekaa katikati nimeumeza ulimi.

Mama sasa ameacha mkongojo. Juzi nilikuwa na Baba, hatua ikasikika koridoni, ile ile. Kabla sijasema neno alikuwa ameshainua uso na kuiweka sawa kola yake.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Na ukija, viache hivyo viatu vyako visivyo na sauti. Vaa kandambili, uziburuze kuanzia mlangoni mpaka kwa Baba. Mama mwenyewe ndiye aliyesema nikuandikie hivyo.

Dada yako akupendaye,
Kasuku