Daraja la Nne, Dakika Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Baiskeli ya mazoezi imewasili, ikiwa vipande kumi na saba ndani ya sanduku lililofungwa kamba. Nesi mstaafu wa ghorofa ya tatu ametuazima hadi Baba atakapopona. Nimevilinganisha vipande na orodha iliyo kwenye kijitabu cha maelekezo, kisha nikavipanga juu ya shuka sebuleni kwa mfuatano wa namba. Mama amepita na ndoo akauliza kama tunafungua duka.

Naliandika lengo ili lisipotee: Baba akanyage daraja la nne la uzito kwa dakika kumi bila kusimama. Ndivyo alivyoagiza mtaalamu wa viungo wa hospitali. Paja lake la kushoto, lililovunjika alipoteleza kwenye ngazi za soko miezi minne iliyopita, limeunga vizuri, ila limekonda kama la mtu mwingine. Bila nguvu ya paja hakuna kukanyaga cherehani. Na nafasi yake katika safu ya mafundi cherehani sokoni itashikiliwa hadi tarehe 31 tu. Mwenyekiti wao alikuja mwenyewe kutuambia, amekaa kwenye ncha ya kochi, macho chini. Baada ya hapo atawekwa fundi mwingine. Baba ameshona pale miaka ishirini na sita.

Siku ishirini na nane. Inawezekana. Nina shahada ya takwimu. Jambo linalopimika halinitishi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuifunga saa tatu asubuhi. Miguu ya chini na bolti zake nne — sawa. Mhimili wa kiti, usukani, pedali ya kulia — sawa. Pedali ya kushoto imekataa. Nimeikaza kwa spana, kwa nguvu zangu zote, kwa mwelekeo uleule wa ile ya kulia, mpaka chuma kikaanza kulia.

Baba alikuwa amelala kwenye kochi, magongo kando. Akafungua jicho moja. Akasema niache kabla sijaziharibu nyuzi, ile mikunjo ya skurubu. Pedali ya kushoto hufungwa kinyume, isije ikajifungua mtu anapokanyaga. Nimetazama kijitabu. Ukurasa wa sita, kwa herufi nzito! Nilikuwa nimeuruka kwa sababu niliona ni wa watu wasiojua kitu.

Nimeona haya. Yeye alinyoosha mkono. Aliomba pedali, akaipangusa kwa pindo la shati, akaianza kwa vidole vitatu tu. Imeingia kama kifungo kwenye tundu lake.

Sakafu yetu haiko sawa, hivyo nimezungusha visigino vya mashine mpaka ikaacha kuyumba. Kimo cha kiti: goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini kabisa. Mimi nimepima kwa rula, Baba kwa shubiri. Tumepishana nusu sentimita. Tumefuata shubiri.

Jumatano, 5 Machi

Zoezi la kwanza. Daraja la kwanza, dakika mbili na sekunde kumi. Ameshuka anatweta, shati limemganda mgongoni. Amesema amekanyaga kote huko na bado yuko sebuleni. Tangu leo mashine inaitwa Punda.

Nimejifunza inavyofanya kazi. Mbele kuna gurudumu zito la chuma. Juu yake kuna kipande cha felti, yaani sufu iliyoshindiliwa ikawa nene kama kidole. Ukizungusha kitasa, felti hukandamiza gurudumu na miguu huwa mizito. Kila mgoto wa kitasa ni daraja moja, na kuna madaraja manane. Kijitabu kinaagiza mashine ipanguswe kila siku kwa kitambaa kikavu, na kila wiki mbili bolti, pedali na felti zikaguliwe.

Nimechora jedwali lenye safu tano na grafu ya rangi mbili. Nimeibandika ukutani, mbele ya macho yake.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkuta Punda amevaa taulo tatu na foronya. Mama anasema usukani ni kamba nzuri kuliko ile ya nje, kwa kuwa haupati mvua. Tumefikia mapatano: ataanika baada ya saa sita mchana.

Maendeleo: daraja la kwanza, dakika tatu na nusu. Mstari wa grafu umelala kabisa. Tena gurudumu limeanza kupiga kelele likigusana na felti — kama mtu anayekwaruza sufuria. Nimekaza bolti zote upya. Bado.

Barua pepe ya tatu ya kukataliwa kazi imeingia jana. Waombaji walikuwa wengi, wananitakia kila la heri. Nililia bafuni, maji nimeyafungulia. Sidhani kuna aliyesikia.

Jumanne, 11 Machi

Usaili kwa simu, saa nne asubuhi, taasisi ya tafiti za afya. Nilivaa koti ingawa hawanioni. Nilikaa chumbani na Baba alikuwa kwenye zoezi sebuleni, ukuta mmoja tu kati yetu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaomba radhi kwa kelele.

Ajabu — Punda hakulia hata kidogo. Nimejieleza vizuri, nafikiri. Walisema watanijulisha.

Na si hilo tu. Daraja la pili, dakika sita! Nimeliandika mara mbili kwenye jedwali, kwa makosa, kwa furaha.

Ijumaa, 14 Machi

Daraja la tatu, dakika nane. Mstari wa grafu umeinuka kama ngazi. Baba hata hatweti. Anakanyaga huku ananitazama mimi ninayehesabu, kisha anauliza leo tumeandika ngapi. Nikimtajia anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonja chakula akakuta chumvi imekaa sawa.

Leo mezani nimewaeleza kwa kirefu maana ya wastani na mwelekeo wa data. Mama amesema anafurahi kujua kumbe mumewe ni data. Tumecheka sote watatu, Baba akatokwa na machozi.

Jumanne, 18 Machi

Daraja la nne. Dakika kumi. Bila kusimama.

Naandika tena: daraja la nne, dakika kumi. Siku kumi na tatu kabla ya tarehe ya mwisho.

Nimelipiga picha jedwali na kumtumia mtaalamu wa viungo. Amejibu baada ya saa moja kwamba hajawahi kuona mgonjwa anayefuatiliwa vizuri namna hii, na kwamba kuanzia kesho Baba atembee na gongo moja. Jumanne ijayo twende hospitali. Kwa kuwa jedwali linajieleza, hataona haja ya kumpandisha kwenye mashine yao, ambayo foleni yake ni ndefu. Atamkagua, atamwandikia barua ya kurudi kazini.

Taasisi nayo imeniandikia leo. Wanataka sampuli ya kazi niliyoifanya mwenyewe. Nimewapelekea grafu ya Baba, na maelezo ya kurasa mbili. Sijawahi kuandika kurasa mbili kwa fahari kama ile.

Jumatano, 19 Machi

Baba ameanguka. Hapana, si kuanguka — amebakiza kidogo tu kufika chini. Alikuwa anavuka kizingiti cha jikoni na gongo moja, mguu wa kushoto ukakunjika kama kitambaa kisichotiwa wanga. Mama alikuwa karibu, akamdaka kwapani. Bakuli limevunjika. Mama amesema bakuli lenyewe hakulipenda. Amefagia mara mbili mahali palepale.

Baba anasema ni sakafu. Sakafu ilikuwa kavu.

Nimerudia jedwali mstari kwa mstari. Paja linalokanyaga daraja la nne kwa dakika kumi halikunjiki kwenye kizingiti. Kuna kosa mahali, na aliyeandika namba zote ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ilikuwa siku ya ukaguzi wa wiki mbili. Bolti zimekaza. Pedali zimekaza. Nikafungua kifuniko cha mbele na kupangusa ukingo wa gurudumu kwa kitambaa cheupe.

Kimetoka cheusi, kinang'aa. Mafuta. Nikabonyeza felti kwa kidole, ikatoa mafuta kama sifongo. Mashine hii haitumii mafuta popote. Kijitabu kimekataza waziwazi. Felti iliyolowa haishiki gurudumu. Inateleza. Kitasa kinaweza kusema nne, tano, hata nane — miguu inapata chini ya moja.

Nikanusa kitambaa. Harufu ya kibanda cha Baba cha kushonea. Nimekua ndani ya harufu ile, nikifanya kazi za shule chini ya meza yake.

Nimemfuata barazani na kile kitambaa mkononi. Sikuuliza kitu. Amekitazama, kisha akanisogezea kiti.

"Ilikuwa inapiga kelele na wewe una simu ya kazi," akasema. "Nikaitia tone."

"Tone moja?"

"Matatu. Kama cherehani."

Miaka ishirini na sita hajawahi kuketi kwenye mashine asubuhi bila kuitia kwanza matone matatu. Aliendelea hivyo kila siku kabla sijaamka. Nimemuuliza kama alijua mafuta yanafanya nini. Alijua siku ya pili, akasema. Mguu wenyewe ulimwambia. Basi kwa nini hakusema? Kwa nini aliendelea?

"Mama," akasema — ndivyo anavyoniita tangu utotoni — "kila ukiandika namba ulikuwa unacheka. Toka umalize chuo sijakuona unacheka mezani. Na kule bafuni maji hayazuii sauti. Ningekuambia nini?"

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira sikuiona. Nimekaa pale nimeshika kitambaa, naye amenishika kifundo cha mkono kama anavyoshika kitambaa kabla ya kukikata, taratibu, kisije kikavutika.

Jumamosi, 22 Machi

Baba ametengeneza felti mpya. Ametumia kipande cha sufu anachotia chini ya kola za makoti ili zisimame. Amekikunja mara tatu, akakishona kwa mkono kwa uzi uliopakwa nta, akakikata kwa mkasi wake mkubwa kwa kufuata ile ya zamani. Mimi nimeosha gurudumu kwa maji ya sabuni mara nne, nikalikausha mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Tumefunga pamoja. Kelele imerudi. Mama ameziba masikio kwa pamba, akasema yeye hana usaili wowote, tuendelee.

Namba za kweli. Daraja la nne: sekunde arobaini. Daraja la pili: dakika tatu na sekunde ishirini. Ameshuka, nikampa maji.

Kisha nikachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya siku zote kuanzia tarehe 11 hadi 20. Baba aliniomba niziache. Alisema mtaalamu haulizi, nafasi sokoni inasubiri, na akifika pale atakanyaga kwa mguu wa kulia tu; wapo mafundi wanaofanya hivyo. Nikamuuliza na kwenye kizingiti cha soko atadakwa na nani. Akayavuta magongo yake yote mawili.

Jumatatu, 24 Machi

Nimewaandikia taasisi kwamba sampuli niliyowapelekea ina kasoro ya kipimo, chanzo chake ni hiki, na data sahihi ni hizi. Sikutaja kwa nini mafuta yalitiwa. Hiyo si ya kwao. Hawajajibu.

Baba leo: daraja la pili, dakika tano. Daraja la tatu, dakika moja na nusu. Amekanyaga asubuhi na akarudi tena saa kumi jioni bila kuambiwa. Sijabandika kitu ukutani. Naandika humu tu.

Jumanne, 25 Machi

Hospitali, saa tano asubuhi. Naandika nikiwa kwenye benchi la korido. Mlango wa chumba cha mazoezi uko wazi, nawaona.

Nilimpa mtaalamu jedwali lenye mistari myekundu na kumweleza yote nikiwa nimesimama. Alisoma polepole. Nilitarajia aniulize ilikuwaje mtu mwenye shahada asigundue. Badala yake alimgeukia Baba akamuuliza alitumia mafuta gani. Baba akamtajia. Mtaalamu akasema hata mama yake alikuwa na cherehani. Kisha akasema barua ya leo haiwezi kutegemea karatasi. Baba apande mashine yao, yeye aone kwa macho yake. Baba akanipa magongo yote mawili niyashike.

Wamempandisha. Mtaalamu ameuliza aanzie moja? Baba amesema nne.

Dakika ya kwanza imepita. Mama amekaa pembeni yangu, anazikunja na kuzikunjua ncha za mtandio. Anauliza kwa mnong'ono ni ngapi sasa. Namwambia sijui, sina saa iliyo mbele yangu. Si kweli, ipo ukutani.

Dakika mbili. Goti la kushoto linatetemeka kila linapofika juu. Mtaalamu amepeleka mkono kwenye kitasa kutaka kupunguza. Baba ametikisa kichwa. Mkono umerudi.

Dakika mbili na nusu. Amepunguza mwendo, ila miguu inazunguka. Nimesogea hadi kwenye fremu ya mlango, anione kama atanihitaji. Hanitazami. Wiki tatu zote alikuwa akikanyaga macho yapo usoni kwangu. Sasa ameinamisha kichwa, anautazama mguu wake mwenyewe, midomo inahesabu, na unapanda, unagota juu, unasita, kisha unashuka na kupanda tena.