Mtazame Akigeuka

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia. Hapa Mwadui tu wazima. Goti la babu yako bado linamsumbua, ila Doto, pacha wako, amejifungua salama mtoto wa kike.

Unaniuliza, sasa ligi ya likizo huko Geita imekwisha, kati ya vijana unaowafundisha kikapu utamjuaje aliyekomaa kweli, maana kila mmoja anakuhesabia vikapu alivyofunga.

Nami nilicheza mpira wa kikapu hapa hapa nikiwa msichana. Likizo moja baba yangu alikuja kutoka kijijini kunitazama. Alikuwa mkulima, mchezo wenyewe haujui. Siku hiyo nilifunga sana, nikamfuata nikingoja sifa.

Akasema, "Mwanangu, ng'ombe wa plau wote huenda mbele. Mimi humtazama akifika mwisho wa shamba, anavyogeuka. Wewe ukinyang'anywa mpira unasimama."

Niliudhika, nikaenda zangu kwa wenzangu.

Kabla ya likizo iliyofuata tulimzika. Hayo tuyaache.

Niliporudi uwanjani sikufunga vikapu vingi. Lakini niliponyang'anywa mpira, miguu iligeuka yenyewe, nikakimbia kurudi kulinda kikapu chetu. Kocha alipiga makofi. Mimi nikatazama benchi alilokalia baba siku ile, nione kama ameniona.

Basi watazame vijana wako wakigeuka, Kulwa. Na atakayegeuka, mwambie siku hiyo hiyo kwamba umemwona.

Bibi yako,
Nyanzala