Nilimchoma Mjukuu Wangu Dawa Nisiyoweza Kuisoma

Mpendwa Bi Anjum, salaam aleikum.

Naomba msaada wako, na naomba usiiweke kando barua hii kwa kuwa aliyeiandika ni mzee wa miaka sabini na saba ambaye kwa umri wake angepaswa kutoa ushauri badala ya kuuomba. Ukurasa wako naufuata kila Jumapili tangu macho yangu yakiwa bado mazima, na sikuwahi kudhani siku moja nitajikuta humo. Majina nimeyabadili. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi ni mtu wa kuhamahama bila kupenda. Nilizaliwa Bihar, nikakulia Saidpur ambako baba alikuwa fundi wa reli, na vita ya mwaka sabini na moja ilipoigawa nchi na kutufanya wageni katika mji tuliouita wetu, tulikaa kambini miaka miwili na nusu kabla ya kufikishwa hapa Karachi, Orangi, na sikuja na kitu ila mke wangu Qamar na ujuzi mmoja. Muuguzi wa kambini alinifundisha kuchoma sindano kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na yeye alikuwa mmoja. “Soma kichupa mara tatu,” alikuwa akisema, “unapokichukua, unapovuta dawa, na unapokitupa. Mkono ukiwa mwepesi na macho yakiwa mavivu, utaua watu bila kuwaumiza.”

Kwa kanuni hiyo nilimsaidia daktari wa mtaa wetu miaka thelathini na moja, nikifunga vidonda na kuchoma sindano, na alipofariki zahanati ikageuka duka la simu, lakini watu hawakuacha kuja. Mpaka leo mama akiandikiwa sindano za mtoto wake huko hospitalini huzileta kwangu, akisema mkono wangu una baraka na hauumizi, nami nilizoea kusikia hivyo, Bi Anjum, nilizoea kuliko inavyofaa.

Mwanangu wa pekee alikufa akamwacha mkewe Rukhshanda, ambaye hutudarizia riziki yetu kwa sindano ya aina nyingine, na binti yao Sumbul, ishirini na mbili, mwalimu wa watoto wadogo, msichana wa maneno mepesi na kicheko cha haraka, aliyerithi ngozi ya bibi yake, Qamar, ngozi nyeusi ya watu wanaofanya kazi mashambani kule kwetu. Siku ya harusi yangu nilimwona Qamar mara ya kwanza kwenye kioo, kama ilivyo desturi yetu, na nikiapishwa leo sikumbuki rangi yake. Nakumbuka alikuwa anajizuia kucheka.

Mwezi wa tatu ulikuja ujumbe wa posa. Kijana ni mhasibu, mpole, sina neno naye. Mama yake alikula sambusa mbili, akasifu chai, akamtazama Sumbul kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu, kisha akamwambia Rukhshanda kwa upole kabisa, “Binti ametulia, mashallah. Ila ile picha mliyotutumia, dada yangu, mliipigia kwenye jua la nchi gani?” Wote walicheka. Sumbul naye alicheka, akaondoa vikombe. Posa ilikubaliwa, lakini tangu siku ile nilimwona akipita mbele ya kioo cha ukumbini kama mtu anayempita mdai wake.

Wiki chache baadaye alinijia na boksi la vichupa sita. Alikuwa amelipata saluni kwa Nighat, mama anayepamba maharusi mtaani kwetu, na ni sindano za kung'arisha ngozi, za kuingizwa kwenye mshipa. Nilikataa. Nilimweleza kwamba saluni si zahanati. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Babu, umemchoma kila mtu mtaa huu, hata yule mwizi wa mabomba ya maji ulimchoma ya pepopunda. Mimi ndiyo utaninyima? Basi Nighat atanichoma. Ana sindano moja, anaiosha kwa maji ya moto.”

Nilishindwa hapo. Nilijiambia kwamba bora sindano mpya na mkono wangu kuliko ile ya Nighat. Nilikichukua kichupa cha kwanza nikakisogeza dirishani ili nikisome, na sikuweza. Si kwa ajili ya macho. Yalikuwa maandishi ya nchi ya mbali, visanduku na vijiti, hakuna herufi hata moja ya Kiurdu wala ya Kiingereza, na jina la muagizaji halikuwapo. Mimi niliyesoma kila karatasi iliyopita mbele yangu, hata magazeti ya kufungia karanga kambini, nilivuta dawa nisiyoweza kuisoma nikaiingiza kwenye mshipa wa mtoto wa mwanangu. Hakuumia. Aliniambia, “Hata sikusikia, Babu.”

Nilimchoma mara nne, kila Ijumaa. Majirani waliposikia, wasichana wengine wawili wakaleta vyao, nami nao nikawachoma, kwa maana ningewaambiaje hapana na wangu nimemchoma?

Sasa Sumbul amewekwa ndani. Amevaa nguo za manjano kama kila biharusi wetu, na mama zake wadogo wanamsinga asubuhi na jioni kwa singo ya binzari na unga wa dengu, wanaimba, wanataniana, mmoja anasema asuguliwe polepole wasimmalize, bwana harusi naye abakiziwe. Na wote wanasema rangi imeanza kukubali. Rukhshanda mwenyewe aliniambia kwa furaha, tazama uso ulivyofunguka.

Juzi asubuhi nilimpelekea chai juu ya paa la bapa la nyumba yetu, alikokuwa amekaa kivulini kupunga upepo. Akainua macho kunitazama. Bi Anjum, singo haiingii kwenye weupe wa macho. Yalikuwa manjano. Nikamuuliza kuhusu mkojo, akaona haya, kisha akasema una rangi ya chai iliyolala. Hali chakula siku ya tano, anatapika, chini ya mbavu za kulia panamuuma, na kwa wengine anasema ni hofu ya harusi. Nilimwambia tunakwenda hospitali. Akanishika mkono, huu huu wa sindano, akasema, “Vimebaki viwili, Babu. Nimalize, niolewe, halafu utanipeleka unakotaka.”

Harusi ni siku kumi na mbili kutoka leo. Nikisema, itavunjika, na msichana aliyeachwa kwa ugonjwa wa ini hataulizwa tena na mtu. Mama yake ataupata wapi moyo wa pili. Polisi wanaweza kuja, na nyumba zile mbili nyingine zitajua. Nikikataa kumchoma Ijumaa, ataondoka na shela lake kwenda kwa Nighat. Nimewaza kumchoma maji ya chumvi matupu, adhani ni dawa, mpaka harusi ipite. Niseme sasa, au nisubiri? Usingizi umenihama, na nimekwisha kuhama vya kutosha.

Ni mimi, mzee wa sindano, Orangi.


BI ANJUM ANAJIBU

Baba yangu, aleikum salaam.

Bahasha yako ina muhuri wa posta wa Jumatatu. Imenifikia leo Jumatano. Hukuandika namba ya simu wala mtaa, na ukurasa wangu hutoka Jumapili, wakati Ijumaa unatarajiwa kuvuta kichupa cha tano. Kwa hiyo nimemwomba mhariri nafasi kwenye gazeti la Alhamisi, akanipa kona hii kando ya matangazo ya vifo, ndiyo pekee iliyokuwa wazi. Nawe msomaji, kama unakaa Orangi na unamjua mzee anayechoma watu sindano, ambaye nyumbani kwake kuna biharusi aliyewekwa ndani, usimalize kusoma. Mpelekee gazeti.

Unauliza useme sasa au usubiri. Nilimsomea barua yako kwa simu daktari ninayemwamini, anayetibu magonjwa ya ini. Hakuniacha nifike mwisho. Nilipofika kwenye macho alinikata: “Leo. Sio kesho, sio baada ya sala, leo.” Anasema huenda ni ile dawa, huenda ni kitu kingine kilichokuwamo kichupani, huenda ni virusi na vimetokea kwingine kabisa, na hakuna anayeweza kujua bila kumpima damu. Ini likiharibika haraka mtu huanza kusinzia mchana na kuchanganya maneno, na watu wa nyumbani husema biharusi amechoka. Mkimwona hivyo, msingojee hata viatu.

Beba boksi. Beba vichupa viwili vilivyobaki na vile vinne vitupu, ikiwa hukuvitupa, na nadhani hukuvitupa. Daktari atauliza nani aliyemchoma. Usimwache mtoto ajibu. Jibu wewe, kwa mdomo wako: ni mimi, mara nne, siku fulani na fulani, kiasi fulani. Daktari akianza kutafuta gizani kwa sababu wewe unaona haya, saa atakazopoteza si zako.

Habari ya maji ya chumvi iache kabisa. Tayari umemwingizia mara nne kitu asichokijua. Unataka kumwingizia cha tano, na safari hii ukijua?

Sasa nikukaripie kidogo, Baba, na unisamehe kwa umri wako. Unasema ulichagua baya lililo dogo. Hebu tazama tena. Nighat alikuwa na dawa tu. Hakuwa na imani ya watu. Imani ulimpa wewe. Sumbul angekwenda kule, angeona ile sindano ndani ya birika, huenda angeogopa akarudi nyumbani, na woga ule ungekuwa rafiki yake. Ulimwondolea woga kwa mkono usioumiza. Wale wasichana wawili hawakuja kwa sababu ya boksi. Walikuja kwa sababu ulikuwa umekubali. Mtaa mzima unakuamini mkono, na hakuna aliyeuliza mkono umeshika nini. Wewe ndiye uliyekuwa na wajibu wa kuuliza. Ulifundishwa mahali pagumu, na mwalimu mzuri.

Mkitoka hospitali, nenda kwenye milango ile miwili. Usitume mtu. Waambie wasitumie tena, na wapimwe hata kama wanajisikia wazima.

Kuhusu harusi sitakudanganya. Inaweza kuvunjika. Mama wa kijana anaweza kusema alijua tangu mwanzo. Mwambie Rukhshanda kabla hajasikia kwa jirani, na kijana umwambie yeye mwenyewe, si kupitia kwa mama yake. Mhasibu mpole anaweza kuwa mtu au anaweza kuwa mtoto wa mama. Ni afadhali Sumbul ajue mapema ni yupi. Polisi nao sijui. Huenda wakaja, na wakija watajie pia boksi lilikotoka.

Kwa Sumbul, kama atasoma haya: mwanangu, sikulaumu. Neno lililosemwa kwenye chai lilikuumiza, na uliondoa vyombo ukiwa unacheka. Lakini sindano si podari, haipanguswi jioni. Mtu mzima anayo haki ya kutaka uso anaoutaka, na wapo madaktari waliosomea ngozi na upasuaji wa sura. Nenda kwao, uulize. Jina lake limo katika orodha ya baraza la madaktari? Dawa inaitwaje, imesajiliwa nchini, na imeruhusiwa kwa kazi hii au kwa nyingine? Mambo yakienda vibaya nikiwa hapa kitini, mtafanya nini, na mna vifaa gani? Anayekasirikia maswali hayo, chukua mkoba wako. Anayekwambia uamue leo kwa kuwa harusi iko karibu, chukua mkoba wako na viatu. Sindano hizi za kung'arisha, daktari wangu anasema, hajaona ushahidi wa kumfanya amchome nazo hata adui. Na jambo lolote linalobadili mwili lisifanywe ndani ya miezi ya harusi, wakati kila mtu anakutazama na wewe hujitazami.

Kuhusu yule aliyeuliza jua la nchi gani, sina dawa. Ningekuwa nayo, ningeanza na nyumba yangu mwenyewe.

Baba, umeandika kwamba hukumbuki rangi ya Qamar. Kamweleze Sumbul hilo njiani, ndani ya teksi. Ulipaswa kumwambia mwezi wa tatu.

Sitaki kujua jina lako. Muuguzi wako alikufundisha kusoma mara tatu, basi fanya hivyo kwa ukurasa huu. Usome unapoupokea. Usome wakati Sumbul anavaa shela lake mtoke. Mara ya tatu usome mlangoni pa hospitali, kisha uukunje, utoe boksi kwenye mfuko, na uingie.