Rangi ya Tisa

Jumanne, 4 Machi

Chipu namba 17 imewaka! Rangi nane — zote nane, zimesimama sawasawa kwenye skrini kama meno ya kitana kipya. Kwa macho huoni kitu, lakini mashine inaziona. Nilimpigia Mama, nikamweleza tena kwa utulivu: zamani kila rangi ilitaka leza yake, na joto lake, na nafasi yake. Sasa leza moja, ndogo kuliko punje ya mchele, inatoa nane. Kila rangi inabeba ujumbe wake, zote zinapita ndani ya uzi mmoja wa kioo. Mama akauliza, "Na wewe Pei-shan utaolewa lini?" Basi.

Uzi ameubandika Shangazi Liao, kama sote tunavyomwita fundi wetu. Mwaka wa thelathini na moja huu anabandika nyuzi kwa mkono, chini ya hadubini, kama mtu asiyepumua. Alipomaliza akachungulia skrini. "Nane? Mimi sioni hata moja. Nipeni chai."

Wageni wa Japani wanakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Wakiipenda, kampuni inapona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiunguza.

Saa sita mchana, wenzangu wote wameenda kula. Niliona kwenye ukingo wa skrini kama kuna rangi ya tisa inataka kutokea. Kidogo tu, kama kinundu. Nikaongeza umeme. Mashine ikakataa, kuna kikomo tulichokiweka wenyewe. Nikakiondoa. Nilitaka Dk. Fan, mkuu wetu wa maabara, arudi akute tisa, aseme jina langu mbele ya watu! Nikaongeza tena — na rangi tatu zikaanguka kwa mpigo. Hazikurudi.

Nikarudisha kikomo. Nikaweka chipu kwenye kisanduku chake. Nikaenda kula supu ya vipande vya nyama, nikaimaliza yote. Hilo ndilo linalonishangaza. Niliimaliza.

Ijumaa, 7 Machi

Dk. Fan ameipima asubuhi. Rangi tano. Akaichungulia kwenye hadubini, akainuka, akasema kwa upole, na ule upole ndio mbaya, kwamba pengine uzi umesogea. Gundi. Shangazi Liao akawa mwekundu hadi masikioni. Akasema siku ile jicho lake la kushoto lilikuwa linatoa machozi, huenda ni yeye.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza tu kungetosha kuwa dhambi! Lakini mdomo wangu ukafunguka: "Kweli, gundi ikikauka huwa inavuta."

Ni mimi niliyesema. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi amekuja kazini Jumamosi na Jumapili zote mbili. Amefanya mazoezi kwenye chipu mbovu kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Leo akanivuta mkono, akaniketisha karibu naye.

"Wewe una macho mazuri, binti yangu. Niangalie. Usinionee haya. Mikono yangu inatetemeka?"

Nikatazama. Mikono imetulia kabisa. Kijikoleo kimeshika uzi, na uzi hauchezi hata kidogo.

"Kidogo," nikasema.

Mungu wangu! Kwa nini? Nilijua kwa nini hata kabla neno halijanitoka. Kama mikono haitetemeki, basi wataanza kutafuta sababu nyingine.

Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Nashukuru umeniambia, wengine wananibembeleza tu." Akanipa nusu ya andazi lake la mvuke. Nikalila.

Jumanne, 11 Machi

Upepo kutwa. Chipu namba 21 imebandikwa na mashine mpya. Rangi nane. Shangazi amepewa kazi ya kufuta visanduku vumbi.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia Dk. Fan. Nilifunga mlango wa ofisi yake nikasema kila kitu nikiwa nimesimama, kuanzia kikomo nilichokiondoa hadi lile neno la gundi. La mikono sikulisema. Lilikataa kutoka.

Aligeuza kikombe chake mezani. Kisha:

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi acha wageni waje waondoke. Tukianza kuvuana nguo sasa, watauliza ni kipi kingine tumewaficha."

"Na Shangazi?"

"Ameleta barua ya kuacha kazi leo asubuhi. Mwenyewe. Anasema macho na mikono vimemchosha. Angestaafu tu mwakani, Pei-shan. Ni miezi."

Nilitakiwa kupiga kelele. Nikajisikia mwepesi. Kweli kabisa — mwili ulijaa wepesi, kama nimetua mzigo. Nilifika kwenye ngazi ndipo nikatambua ni mgongo wa nani nilioutwika.

Ijumaa, 14 Machi

Wageni wanne. Namba 21 iliwaka vizuri, rangi nane zikabeba data saa nzima bila kosa hata moja. Wakapiga makofi. Mhandisi wao, mwanamke mwenye mvi, akauliza namba 17 ilipatwa na nini, maana ripoti ya kwanza iliitaja. Dk. Fan akajibu: hitilafu ya ubandikaji, fundi alikuwa mtu mzima, sasa kazi hiyo inafanywa na mashine. Yule mama akaandika kwenye daftari lake. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona kalamu ikitembea.

Meza ya Shangazi imeshafutwa. Ameacha stuli yake tu, ile aliyoifunga kitambaa.

Mkataba wanautia saini mwezi ujao. Dk. Fan akasema jina langu mbele ya watu.

Jumamosi, 15 Machi, asubuhi

Nimempigia Shangazi.

"Pei-shan! Umekula?" Sauti yake ya siku zote.

Nikamwambia asiseme kitu kwanza, nikasema yote kwa pumzi moja. Kwamba nilitaka rangi ya tisa. Kwamba nilikiondoa kikomo kwa mkono wangu. Gundi haikuvuta, uzi haukusogea. Na mikono, Shangazi — mikono yako haikutetemeka. Nilitazama vizuri. Nilikudanganya usoni.

Halafu akasema, "Ngoja nizime jiko."

Akaweka simu mezani. Hakukata. Nikasikia mfuniko, maji ya bomba, mumewe akiuliza ni nani. Hakumjibu. Nimewasha spika ya simu, nimefungua daftari hili kwa sababu sijui mikono yangu niiweke wapi. Dakika tisa. Kumi na moja. Maji yamefungwa. Mlango umefungwa pia — amemfungia mumewe nje au amejifungia ndani?

Kiti kinavutwa. Amekaa. Nasikia anavyopumua, karibu kabisa na simu, na hasemi, na mimi sithubutu kusema haloo