Dada Yetu Hakuwa Mpiga Chapa

Pii. Umeme ukirudi kukiwa bado giza, kompyuta yako pale kando ya kabati hutoa mlio huo mmoja mfupi. Hakuna aliyethubutu kuichomoa. Mwaka umetimia, Dada, tangu ututoke, na tunakuandikia tukiwa na haya usoni.

Tangu utotoni hukuacha kitu kikiwa kimefungwa. Redio ya Baba uliifungua ukitaka kumwona anayesoma habari. Ulipoirudishia, skrubu moja ilibaki mkononi, na redio ikaimba kama kawaida. Baba akakuita Bisibisi, jina likakuganda.

Ukaajiriwa kwenye duka la intaneti, kazi yako kuwafungulia watu barua pepe. Wateja wakipungua, ulikuwa ukijifundisha mwenyewe kuandika programu. Ukasoma, ukapata kazi kwenye kampuni. Mama akakuuliza, "Huko unafanya nini hasa, mwanangu?"

"Naandika, Mama."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Basi Mama akawaambia majirani kwamba bintiye ni mpiga chapa. Mjomba naye akakutania, "Mpiga chapa gani wewe, hata karatasi huna?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulijaribu kutueleza, tukakukatiza na kukukabidhi simu zetu zilizogoma. Ukazitengeneza bila kununa.

Siku moja nilirudi kutoka kliniki, mwanangu akiwa bado wa kubebwa, nikakusimulia jinsi siku hizi hakuna kusukumana: unapewa namba, unakaa, skrini ya ukutani inakuita. Nikasema aliyebuni kitu kile abarikiwe. Ulikuwa unaosha vikombe. Ukauliza tu, "Ukikaa benchi la nyuma, namba inasomeka?" Nikakwambia inasomeka, nikageukia mambo yangu.

Siku ya mazishi Mjomba alisoma wasifu wako: "Marehemu alikuwa mpiga chapa hodari." Wenzako wa kazini wakainamisha vichwa. Baadaye binti mmoja kati yao alimshika Mama mkono, akamwambia kwa upole, "Mama, ule mfumo wa kule kliniki aliuandika yeye." Mpaka leo, Mama akiketi mbele ya skrini ile, hutazama chini.

Tusamehe, Bisibisi. Kila mtu nyumbani alikueleza shida zake ukamsikiliza hadi mwisho. Yako ilikuwa moja tu, tujue unafanya nini, na hatukukupa nafasi. Siku hizi kwenye masomo ya jioni najifunza hayo uliyokuwa ukiyafanya. Naelewa kidogo kidogo, na nikirudi nyumbani namweleza mwanangu, asije naye akakujua nusu.

Unakumbukwa na Mama yako, Mjomba wako, kaka yako dereva, mimi mdogo wako, shemeji yako, mwanangu, na wenzako wa kazini waliotustahi siku ile wakanyamaza. Tutakukumbuka maisha yetu yote, na sasa tutakutaja inavyostahili.

Jana niliwasomea wa nyumbani maneno haya sebuleni. Mgeni wa Mjomba, aliyeingia nikiwa namaliza, akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Mjomba akaanza, "Alikuwa mpiga…" akasita, akakuna kidevu, akatutazama. Mama akashika ncha ya khanga yake. Kila mmoja alimwachia mwenzake ajibu.

Mwanangu akasema kwa sauti, "Mama Mkubwa alikuwa mhandisi wa programu."